Leakey na majibu mawili ya maabara

Ukitoka Karatu ukapita lango la Ngorongoro kwenda Serengeti, utapita karibu na Bonde la Olduvai. Hapo ndipo Louis Leakey, mzaliwa wa Kabete, Kenya, mwaka 1903, alipochimba kwa miaka mingi. Mwaka 1959 mkewe, Mary, aligundua fuvu la Zinjanthropus.

Mwaka 1961 maabara ya Berkeley, Marekani, ilipima majivu ya volkano ikapata miaka milioni 1.75. Maabara ya Heidelberg, Ujerumani, ikapima lava iliyo chini yake, ikapata umri mdogo zaidi. Msingi ukawa mchanga kuliko nyumba! Leakey akashirikiana na watafiti waliotumia njia ya tatu: kuhesabu makovu ya urani ndani ya kioo cha volkano. Mwaka 1965 wakapata takriban milioni 2, karibu na jibu la Berkeley. Alifariki London mwaka 1972.

Hata uharibifu wa DNA katika seli hupimwa kwa kuhesabu alama. Maabara zikitofautiana utaratibu, hesabu hupishana. Basi majibu ya mwanao yakipishana, usimkatize dawa. Mpelekee daktari karatasi zote mbili, umwombe kipimo kirudiwe.