Alibeti Fidla Yake Ikaenda: Stori ya Paganini na Ile Moja Iliyobaki

Ka umewahi kupeleka logbook ya nduthi kwa shylock juu ya kubeti, hii stori ni yako. Hapo Kawangware 46 ama Kibera upande wa Olympic, hukosi kuskia msee ameuza drill yenye ilikuwa inamlisha, eti kuna mechi ya uhakika. Jumatatu hana doo, hana kazi.

Niccolò Paganini alikuwanga hivyo tu. Alizaliwa Genoa, Italia, mwaka wa 1782. Babake, mtu wa hustle za bandarini, alimfunza fidla kwa ukali wa kutisha. Unaambiwa asipoipiga poa, hakuna chakula. Kijana akaiva mapema, lakini alipotoka kwa mzazi, pesa ya shoo ikawa inaishia kwa kamari.

Akiwa kama miaka 20 akafika Livorno kupiga shoo bila fidla. Yake ilikuwa imeenda na madeni. Fundi bila nyundo! Mfanyabiashara mmoja tajiri wa huko akamwazima yake, ambayo Giuseppe Guarneri wa Cremona aliitengeneza mwaka wa 1743. Jamaa akaipiga ukumbi ukanyamaza. Alipoirudisha, mwenyewe akakataa kuichukua, juu baada ya kuskia vile imelia, aliona haya kuigusa tena. Hivyo ndivyo ilibadilisha mkono, bila senti. Paganini akaibandika jina Il Cannone, yaani mzinga, juu ya sauti yake nzito.

Ungedhani ameshika adabu? Wapi. Baadaye mtu wa ukoo wa kifalme alimpa ofa ya faranga 2,000 aiuze, na madeni yalikuwa yamemfika shingoni. Alikuwa amebaki na faranga 30 pekee. Akaziweka kwa kamari, zikashuka hadi 3, halafu ghafla akatoka na 160. Fidla ikabaki. Kulingana na vile yeye mwenyewe alisimulia, siku hiyo ndiyo aliachana na meza za kamari.

Sasa wewe usiskie 160 pekee. Skia ile 3.

Na bado uzeeni aliweka pesa mob kwa casino Paris, ikafunguliwa 1837. Ilianguka haraka na hasara ikamfuata hadi kitandani.

Alikufa Nice, 27 Mei 1840. Watu waliamini aliuza roho kwa shetani, ati binadamu wa kawaida hawezi kupiga fidla hivyo, na kanisa likakataa kumzika. Mwili ukahamishwa huku na kule miaka na miaka, hadi 1876 ndio ukapata nafasi kwa makaburi ya Parma. Il Cannone ilikuwa imetangulia kitambo. Aliiachia mji wa Genoa kwa wosia, na mji ukaipokea 1851. Iko huko hadi leo, Palazzo Doria-Tursi. Huezi kuinunua, lakini ukishinda mashindano ya Paganini ya Genoa, unapewa uipige.