Lancelot Hogben: Mwanasayansi aliyemtumia chura kutambua mimba

Hivi leo mwanamke anaweza kununua kipimo cha mimba katika duka la dawa, akakitumia nyumbani na kupata jibu baada ya dakika chache. Lakini kuanzia miaka ya 1930 hadi miaka ya 1960, katika maabara nyingi za Ulaya na Marekani, jibu hilo lilitolewa na chura kutoka Afrika Kusini.

Aliyefungua njia hiyo ni Lancelot Hogben, mtaalamu wa elimu ya wanyama kutoka Uingereza, ambaye maishani mwake aligombana na serikali, na wabaguzi wa rangi na hata na wanasayansi wenzake.

Gerezani kwa kukataa vita

Hogben alizaliwa tarehe 9 Disemba mwaka 1895 mjini Portsmouth, kusini mwa Uingereza, katika familia ya Wakristo wenye msimamo mkali wa dini. Alisoma Chuo Kikuu cha Cambridge, na huko akawa msoshalisti.

Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto, alikataa kubeba silaha. Mwaka 1916 alifungwa katika gereza la Wormwood Scrubs, London, na aliachiliwa baada ya afya yake kudhoofika.

Mwaka 1918 alimuoa Enid Charles, mtaalamu wa takwimu na mtetezi wa haki za wanawake, ambaye baadaye alijulikana kwa utafiti wake kuhusu kupungua kwa uzazi nchini Uingereza.

Chura wa Cape Town

Baada ya kufundisha London, Edinburgh na Montreal, Hogben aliteuliwa mwaka 1927 kuwa profesa wa elimu ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Cape Town.

Huko alimkuta chura mwenye kucha, anayeitwa Xenopus kwa jina la kitaalamu, aliyejaa katika mabwawa ya eneo hilo. Alimpenda kiasi cha kuipa nyumba yake jina hilo.

Nia yake ya awali haikuhusu mimba hata kidogo. Alitaka kujua ni kwa vipi chura hubadilisha rangi ya ngozi yake, na kwa ajili hiyo alimdunga majimaji yaliyotokana na tezi iliyo chini ya ubongo wa ng'ombe. Chura jike akataga mayai. Hogben alichapisha matokeo hayo mwaka 1930.

Umuhimu wake ulikuwa mkubwa. Mjini Berlin, Selmar Aschheim na Bernhard Zondek walikuwa wamekwishaonyesha kwamba mkojo wa mja mzito una homoni inayoamsha viungo vya uzazi vya panya. Lakini kipimo chao kilichukua siku kadhaa, na panya walilazimika kuuawa na kupasuliwa ndipo jibu lijulikane.

Chura alikuwa tofauti. Alidungwa mkojo wa mwanamke na kuwekwa katika chombo cha maji. Ikiwa mwanamke huyo ni mja mzito, mayai yalionekana kwa kawaida katika muda usiozidi siku moja. Chura alibaki hai, na baada ya kupumzishwa wiki kadhaa alitumika tena.

Mzozo wa heshima

Hogben aliondoka Afrika Kusini mwaka 1930, akichukizwa na ubaguzi wa rangi, na kwenda kufundisha London. Huko aliandika kupinga nadharia za waliodai kwamba baadhi ya watu ni bora kuliko wengine kwa kuzaliwa.

Waliokithibitisha kipimo hicho mjini Cape Town ni Hillel Shapiro na Harry Zwarenstein, waliotangaza matokeo yao mwaka 1933. Uingereza kikaitwa kipimo cha Hogben, na ubishi juu ya nani anastahili heshima hiyo uliendelea hadi miaka ya 1940.

Kwa wanawake, kipimo hicho kilikuwa na mpaka wake. Mkojo ulipitia kwa daktari, na nchini Uingereza huduma ya umma ilikitoa hasa kwa sababu za kitabibu. Aliyetaka kujua tu hali yake mara nyingi alilazimika kusubiri au kulipa.

Kutoka maabara hadi nyumbani

Hogben alipata umaarufu zaidi mwaka 1936 kwa kitabu chake cha hisabati kwa watu wa kawaida, Mathematics for the Million. Mwaka 1940 alikuwa Norway wakati Ujerumani ilipoivamia, akalazimika kurejea kwao kwa kupitia Sweden, Urusi, Japan na Marekani.

Mwaka 1960 watafiti wa Sweden walitangaza kipimo kinachotumia kingamwili badala ya mnyama, na zama za chura zikaanza kufikia kikomo. Vipimo vya nyumbani viliingia madukani Canada mwaka 1971. Vipimo vya kwanza vya aina hiyo vilitaka mrija wa kioo na subira ya saa mbili hivi.

Hogben alifariki dunia tarehe 22 Agosti mwaka 1975 huko Wales, akiwa na umri wa miaka 79.

Kipimo cha leo kinatafuta homoni ile ile iliyomfanya chura atage. Homoni hiyo huanza kutengenezwa baada ya yai lililorutubishwa kujishikiza katika mji wa mimba, jambo linalotokea siku 6 hadi 12 hivi baada ya yai kutoka.

Kwa hiyo anayepima mapema mno anaweza kuambiwa hana mimba ilhali anayo. Usahihi wa asilimia 99 unaotajwa na watengenezaji unahusu hasa kupima kuanzia siku ambayo hedhi ilitarajiwa, na kwa kufuata maelekezo. Mkojo wa asubuhi ndio wenye homoni nyingi zaidi, na hedhi isipoonekana, inafaa kupima tena baada ya siku chache.

Mashine imekuwa ndogo na jibu limekuwa la haraka, lakini mwili bado una ratiba yake.