Charles Bradley, daktari wa watoto wasiotulia

Wasikilizaji wetu wa Kasulu na Kibondo, mtoto huyu mnamjua: hakai kwenye dawati, hamalizi hesabu, ukimwagiza linaingia sikio hili linatokea lile. Wengine humwita mtukutu, wengine husema ana mashetani. Leo tunawaletea maisha ya daktari aliyegundua kwamba dawa inaweza kumsaidia.

Charles Bradley alizaliwa Marekani mwaka 1902. Alikuwa mganga mkuu wa hospitali ya watoto huko East Providence, iliyofunguliwa mwaka 1931 kwa mali iliyoachwa na ndugu wa babu yake. Mzee huyo alitaka kumkumbuka binti yake wa pekee, Emma, aliyepata ulemavu baada ya kuvimba ubongo.

Siku zile, ili kupiga picha ya ubongo, madaktari walitoa maji ya uti wa mgongo. Watoto waliumwa sana kichwa. Bradley akawapa Benzedrine, dawa ya jamii ya amfetamini, akitaraji nafuu ya kichwa. Badala yake walimu wakaona wanafunzi wametulia na wanasoma. Mwaka 1937 alitangaza matokeo ya watoto 30 waliopewa dawa hiyo kwa wiki moja: 14 waliendelea vizuri mno darasani. Dawa ilipokoma, mabadiliko nayo yakakoma.

Bradley hakusema kila mtundu apewe dawa. Alionya kwamba dawa inaweza kuficha chanzo cha shida, hivyo hali ya nyumbani ichunguzwe kwanza. Alifariki mwaka 1979.

Onyo lake bado lina uzito. Dawa za aina hii, pamoja na methilfenideti inayotumika sana leo, huongeza kemikali za ubongo zinazosaidia umakini. Lakini hupunguza hamu ya kula na usingizi, huongeza mapigo ya moyo na presha, na zaweza kuchelewesha ukuaji. Asiyezihitaji akizitumia ovyo anaweza kuwa mtegemezi. Ndiyo maana mkataba wa kimataifa wa mwaka 1971 unazidhibiti.

Basi mzazi, usinunue wala kuazima vidonge vya mtu. Mpeleke mtoto hospitali apimwe kwanza macho, masikio na afya yake yote. Ulizeni pia kama analala na kula vya kutosha. Akiandikiwa dawa, arudi kupimwa uzito, urefu na presha. Na kiboko hakitibu ugonjwa huu.