Lon Chaney, mtoto wa viziwi

Lon Chaney alizaliwa tarehe 1 Aprili 1883 huko Colorado Springs, Marekani, katika nyumba ambamo sauti haikuwa na kazi kubwa. Baba yake, aliyekuwa kinyozi, alikuwa kiziwi, na mama yake vilevile. Babu mzaa mama ndiye aliyeanzisha shule ya viziwi ya Colorado mwaka 1874. Mtoto huyu, basi, alikulia katika lugha ya mikono. Nasema lugha, maana hata humu kitivoni bado kuna wanaodhani kwamba viziwi hupunga mikono tu. Katika lugha ya ishara ya Marekani uso hubeba sarufi: nyusi zikiinuliwa, taarifa hugeuka swali.

Akiwa bado shule ya msingi, mama alipatwa na baridi yabisi, akawa hatoki kitandani. Lon aliacha masomo ili amtunze. Alikuwa akimletea habari za mtaani kwa kuigiza: nani kapita, anatembeaje, kakasirikia nini. Huyo ndiye mtazamaji wake wa kwanza.

Baadaye alizunguka na vikundi vya michezo ya jukwaani. Mwaka 1913 mkewe wa kwanza, mwimbaji Cleva Creighton, alikunywa sumu. Aliokolewa, ila sauti yake ya kuimba iliharibika. Ndoa ilivunjika, na Chaney akaingia katika sinema, ambayo wakati huo haikuwa na sauti.

Huko ndiko alikopata jina, na jina lenyewe lilishikamana na kisanduku chake cha vipodozi. Mwaka 1920, katika The Penalty, alikunja miguu na kuifunga nyuma ya mapaja, akatembelea magoti kama mtu aliyekatwa miguu, huku akiumia kwelikweli. Mwaka 1923 alikuwa Quasimodo, kibiongo wa Notre-Dame, akibeba nundu ya plasta. Mwaka 1925 ikaja The Phantom of the Opera. Uso ule alijitengenezea mwenyewe: pua ilivutwa juu, mashavu yakainuliwa, macho yakazungushiwa weusi, meno ya bandia yakatokeza.

Wengi husifu vipodozi hivyo na kuishia hapo. Mimi nimeitazama mara nyingi sehemu ile msichana anapomvua kinyago kutoka nyuma. Sisi watazamaji tunamwona kabla ya msichana. Mdomo unafunguka, kisha anageuka na kumnyoshea kidole. Rangi na pamba haziwezi kufanya hivyo. Ningempa mtu mwingine uso uleule na bado ungekuwa kinyago tu. Chaney aliuchora uso ili usomeke kwa mbali, kama kiziwi anavyopanua ishara anapozungumza na mtu aliye ng'ambo ya barabara.

Sauti ilipoingia katika sinema, alisita. Hatimaye mwaka 1930 alikubali kurudia The Unholy Three, filamu aliyoicheza bila sauti mwaka 1925. Humo alitoa sauti kadhaa, mojawapo ya bibi kizee, na akatia sahihi hati ya kiapo kwamba zote ni zake.

Ilikuwa filamu yake pekee yenye sauti. Saratani ilikuwa imekwisha kumshika, na siku za mwisho hakuweza tena kusema. Alizungumza na watu wake kwa mikono hadi tarehe 26 Agosti 1930, alipofariki akiwa na miaka 47.