Lenglen, bingwa aliyeshinda mechi moja mara mbili

Dogo wa Tarime au Mugumu anayepanga mawe mawili kuwa goli, akapiga mpira kutwa nzima upite katikati, tayari anaijua nusu ya siri ya Suzanne Lenglen. Mfaransa huyu, aliyezaliwa Paris mwaka 1899, alifundishwa tenisi na baba yake, Charles. Mzee alikuwa anatandika leso uwanjani, binti ailenge kwa mpira. Akiipatia, leso inahamishwa.

Mwaka 1919 alitua Wimbledon kwa mara ya kwanza. Fainali akakutana na Dorothea Lambert Chambers, bingwa mara saba, mwenye umri wa miaka 40. Mara mbili ilibaki pointi moja tu atolewe, mara zote akachomoka. Akashinda 10-8, 4-6, 9-7. Alilibeba taji hilo mara sita, na mwaka 1925 alipoteza gemu tano tu mashindano yote.

Uwanjani alikuwa kama winga mwepesi: anaruka, anatua kwa ncha za vidole, mpira anauweka pale mpinzani alipotoka. Wakati wenzake walibanwa na nguo ndefu, yeye aliingia na sketi fupi na mikono wazi. Wakubwa walinuna, mashabiki wakajaa.

Februari 16, 1926, mjini Cannes, aliumana na Mmarekani Helen Wills. Akiwa mbele 6-3, 6-5, sauti ikasikika kwamba mpira umetoka. Wakapeana mikono, watu wakamiminika uwanjani. Mwamuzi wa pembeni akasema yeye hakuita. Aliyepiga kelele ni mtazamaji. Hapakuwa na VAR. Lenglen, hoi bin taabani, akarudi kucheza. Wills akasawazisha 6-6, lakini Suzanne akamaliza 8-6.

Mwaka huohuo akachoka kujaza viwanja huku wachezaji wa ridhaa wakikatazwa kulipwa. Akasaini kucheza kwa pesa Marekani. Gharama yake ilikuwa kubwa: Wimbledon na mashindano mengine makubwa yakamfungia mlango. Tenisi ilikuja kuwafungulia wanaolipwa mwaka 1968.

Yeye hakuiona siku hiyo. Alifariki Paris Julai 4, 1938, kwa maradhi ya upungufu wa damu, akiwa na miaka 39 tu. Leo bingwa wa wanawake pale Roland Garros huondoka na mamilioni, na kombe analonyanyua lina jina la Suzanne Lenglen.