Fridtjof Nansen, mtu wa digri 86



Mstari wa digri 0, yaani ikweta, tunaujua sisi wote, sababu unapita katika inchi yetu. Lakini mistari ya kaskazini kabisa tunaipita tu kwa macho kwenye karta. Ikweta ina urefu wa kilometa karibu 40.000. Mstari wa digri 85 una karibu 3.500 tu, tena haugusi udongo popote: ni bahari na barafu tupu. Mtu mmoja aliyefundisha dunia mambo ya fasi ile ni Fridtjof Nansen.

Alizaliwa Norwe, tarehe 10 mwezi wa 10 mwaka 1861. Alisoma elimu ya wanyama. Mwaka 1888 yeye na wenzake watano walivuka barafu ya Greenland.

Kisha akawaza neno moja. Mwaka 1881 meli Jeannette ilivunjwa na barafu upande wa Siberia, na miaka mitatu nyuma vitu vyake vikaonekana Greenland. Basi, ile barafu inatembea! Nansen akajengesha meli Fram, yenye tumbo la mviringo, ili barafu ikiibana iinyanyue, isiivunje. Mwaka 1893 akaiingiza katika barafu pamoja na watu 12, ikachukuliwa polepole. Walipopima bahari, kamba ilishuka zaidi ya meta 3.000. Mbele yake watu walizani maji ya kule si marefu.

Tarehe 14 mwezi wa 3 mwaka 1895, Nansen na Hjalmar Johansen wakaacha meli, wakashika njia ya ncha ya kaskazini na imbwa zao. Walikaza mwendo, lakini barafu chini ya miguu ilikuwa inawarudisha kusini. Tarehe 8 mwezi wa 4 walikuwa kwenye digri 86 na dakika 14. Hakuna mtu aliyefika mbali vile mbele yao. Ncha ilibaki kilometa karibu 420. Nansen akapima chakula na nguvu, akageuka.

Siku chache nyuma saa zao zikasimama. Latitudo mtu anaipata kwa kupima jua, lakini longitudo inaomba saa ya kweli. Wakatembea bila kujua vizuri kama wako mashariki ao mangaribi. Wakati wa baridi kali walikaa katika kibanda cha mawe kwenye visiwa vya Franz Josef, wakila nyama ya dubu. Mwezi wa 8 mwaka 1896 wakafika Norwe. Fram nayo ikafika mwezi uleule, watu wote wazima.

Mtu huyu aliyetafuta sana njia ya kurudi kwao, kisha akarudisha wengine. Nyuma ya vita ya 1914-1918 aliongoza kazi ya kurudisha kwao wafungwa wa vita zaidi ya 400.000. Mwaka 1922 alianzisha pasipoti ya wakimbizi wasio na inchi, akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Alikufa tarehe 13 mwezi wa 5 mwaka 1930.

Tuzo ya wakimbizi yenye jina lake ilifika hata kwetu: mwaka 2013 alipewa Masista Angélique Namaika wa Dungu, kwa kazi yake kati ya wanawake waliokimbia vita. Sisi tunaojua taabu ya mukimbizi asiye na karatasi njiani, tusisahau jina la Nansen.