Ptolemy na Ngazi ya Sauti

Ptolemy, bingwa wa nyota na hesabu, aliishi Aleksandria, Misri, katika karne ya 2. Kabla yake, wafuasi wa Pythagoras waliamini hesabu, na wafuasi wa Aristoxenus waliamini sikio. Yeye alitaka viwili hivyo vikubaliane, akaandika vitabu 3 juu ya jambo hilo. Alikaza uzi juu ya ubao, akaugawa kwa kipimo, akasikiliza.

Uzi wa sentimita 60 ukitoa do, sentimita 48 hutoa mi, na 40 hutoa so. Kwa hesabu ya Pythagoras, mi huangukia karibu sentimita 47.4, nayo hukwaruza ikilia pamoja na do.

Basi, sisi walimu tuwape watoto uzi na rula. Kanuni wasiyoisikia haijawa yao.